Leo Mama Rehema Amekataa Kunichoma Sindano

Jumanne jioni. Upepo tangu asubuhi.

Upepo wa Miyuji, hapa Dodoma, hauna adabu mwezi huu. Umebeba vumbi lote la barabarani na kulimwaga ndani, mezani, kitandani, hadi kwenye kikombe changu cha chai. Nimevaa sweta, juu yake koti, juu yake shuka, na bado vidole vimekufa ganzi. Ila vidole vyangu hufa ganzi hata jua likiwaka, kwa hiyo sitaisingizia baridi.

Leo Mama Rehema amekataa kunichoma sindano.

Nimeiandika sentensi hiyo, nikaifuta, nikaiandika tena. Hasira iliyonipanda saa kumi na moja imepungua, lakini haijaondoka.

Kwa anayefungua ukurasa huu kwa mara ya kwanza: mimi nilikuwa stesheni masta, nikaacha kazi kabla ya umri wa kustaafu kwa sababu ya miguu. Mama Rehema ni mke wangu. Binti yetu Rehema yuko shule ya bweni Kondoa, kwa hiyo nyumba hii ni ya watu wawili na friji. Ugonjwa wangu unaitwa multiple sclerosis, MS kwa kifupi. Kinga ya mwili, badala ya kupigana na vijidudu, inaitafuna mishipa ya fahamu, inakula lile ganda lake la nje. Mtu wa reli ataelewa haraka. Waya wa simu ukichunika, ujumbe unafika nusunusu au haufiki kabisa. Mguu wangu wa kulia nauambia nenda, wenyewe unasikia ngoja.

Dawa haiponyi, inachelewesha tu. Inachomwa chini ya ngozi siku moja na kuacha moja, na huu ni mwaka wa saba. Hapa mjini haipatikani. Dada yangu Sauda, muuguzi huko Ujerumani, ndiye anayehangaika nayo, na kila Mtanzania anayemjua anayekuja likizo hubebeshwa boksi la barafu kana kwamba anasafirisha samaki. Likifika, Mama Rehema huipanga dawa nyuma ya jagi la maji, na umeme ukikatika huifunga friji kwa kamba ili asije mtu akaifungua kwa kujisahau.

Sasa, dawa hii huwezi kuichoma mahali pamoja kila mara. Lazima uhamehame. Sauda alitutumia picha ya mwili wa mtu iliyochorwa miraba, tukaipoteza kabla hatujaitumia. Nikamwambia mke wangu, picha ya nini na mimi nina reli nzima kichwani? Tukaugawa mwili wangu kwa vituo. Kitovu ni Dodoma, na hapo hapachomwi. Upande wa kulia ni njia ya kwenda Morogoro: mkono ni Ihumwa, paja ni Kikombo, tumbo ni Igandu, tako ni Gulwe. Upande wa kushoto ni njia ya kwenda Tabora: mkono ni Zuzu, paja ni Kigwe, tumbo ni Bahi, tako ni Saranda. Nikapigilia misumari ukutani juu ya friji, kila kituo na msumari wake, nikatundika pete moja ya chuma. Sindano ikishachomwa, pete inahamia msumari unaofuata.

Kazini kwetu dereva hakuruhusiwa kuingiza treni kwenye njia kabla hajakabidhiwa tokeni, kile chuma cha ruhusa, mkononi. Ndivyo treni mbili zilivyozuiwa kukutana uso kwa uso. Nyumbani nikaweka sheria hiyohiyo, kwamba Mama Rehema hashiki sindano kabla hajaishika pete. Alinicheka sana, lakini aliifuata. Miaka ile ya mwanzo tulikuwa na utani wetu. Aliuliza, "Leo tunashukia wapi, bwana mkubwa?" Nami nikijibu Gulwe, anasema Gulwe kuna mafuriko, abiria mvumilie. Kisha anachoma.

Utani huo uliisha bila mtu kuuaga.

Ngoja nieleze habari ya maji ya moto, kwa sababu imo ndani ya mambo ya leo. Nani kati yetu hakukandwa sindano utotoni? Ukitoka zahanati, mama anachemsha maji, anatia chumvi, anachovya kitambaa na kukukanda tako mpaka unalia kuliko ulivyolia kule kwa daktari. Mama Rehema naye alinikanda. Kila mahali palipovimba na kuwa pekundu, alipakanda asubuhi na jioni, kwa subira, huku akinisemesha habari za majirani ili nisahau maumivu. Mimi nilijiona mwanamume mwenye bahati. Kisha Sauda akaja likizo, akamkuta na beseni na kitambaa, akapiga kelele mpaka jirani akaja kuuliza kuna msiba gani. Maji ya moto hapana. Kusugua hapana. Barafu ndiyo.

Baadaye Sauda aliniambia pembeni kwamba hata huko Ulaya, ambako hakuna anayekandwa, ngozi za watu huharibika kwa dawa hii ikitumika miaka mingi. Hakuna ajuaye kama maji ya moto yaliongeza chochote. Nilimfikishia mke wangu maneno hayo. Aliitikia kwa kichwa, akaenda kulificha lile beseni, na mpaka leo sijui liko wapi.

Na ngozi yenyewe? Sijawahi kuieleza hapa. Leo sina aibu.

Paja la kulia lina shimo. Nyama haijatoka, ila mafuta ya chini ya ngozi yameliwa, ngozi ikazama, na ngumi ya mtoto inaenea humo. Paja la kushoto lina mashimo mawili, na kati yake uvimbe mgumu ambao haujaondoka tangu mwaka jana. Tumbo lina madoa, mengine ya zambarau, mengine meusi, mengine yamepauka kama yaliyounguzwa kwa pasi. Mikono nyuma imekuwa migumu kama soli ya kiatu. Na Gulwe kuna kidonda. Kilianza kama doa la bluu, kikawa cheusi katikati, kikachimbika, na sasa hakitaki kufunga. Ngozi pale imekufa. Nalala kwa ubavu na nasali nikiwa nimekaa upande kwenye kiti.

Msikitini siendi kutawadha tena. Nilikunja mikono ya kanzu siku moja hadi juu, nikasahau, na bwana mmoja aliyekuwa bomba la pili akayaona madoa. Alihamia bomba la mbali. Nilijua anawaza nini, maana siku hizi kila anayekonda na kutoka madoa anahesabiwa ana ugonjwa mmoja tu. Sasa natawadha nyumbani na kwenda nikiwa nimeshajifunika. Daktari kijana hapa mjini, ambaye namheshimu kwa ukweli wake, alikitazama kidonda akaniuliza kama niliumwa na nyoka. Nilipomwonyesha karatasi ya dawa alisema, "Mzee wangu, hii naisoma leo kwa mara ya kwanza. Nipe muda nikaulize."

Sauda aliuliza upande wake. Alizipeleka picha kwa daktari wa huko, na majibu alinipa kwa simu wiki iliyopita. Sindano zisimame mpaka vidonda vifunge, na huenda zisirudi kabisa. Dawa nyingine zipo, lakini zinatiwa kwa dripu hospitalini chini ya wataalamu, haziwezi kusafiri kwenye boksi la barafu. Nikamuuliza, kwa hiyo mimi nabaki na nini? Nikasikia tu redio ya nyumbani kwake ikizungumza Kijerumani.

Nilikata kauli palepale kwamba tunaendelea. Nina sababu. Mwaka juzi umeme ulikatika mfululizo, dawa yote ikaharibika, na boksi lingine likachelewa. Kabla halijafika, asubuhi moja nilishuka kitandani na mguu wa kulia haukuja. Baadaye ulirudi, ila nusu tu, na ile nusu nyingine sijaiona tena. Kwa hiyo anayeniambia simamisha dawa, mimi namsikia akisema toa mguu. Ngozi ni ngozi. Nilimwambia mke wangu hivyohivyo, ngozi ni ngozi, wewe choma.

Akachoma. Wiki nzima amechoma, bila neno.

Leo saa kumi na moja alitoka jikoni akinukia vitunguu. Msimu huu wa bunge la bajeti anapikia madereva wa waheshimiwa, amesimama tangu alfajiri. Alinawa mikono, akaifikia pete. Ilikuwa kwenye msumari wa Kikombo, paja la kulia. Akachanganya unga wa dawa na maji yake, akavuta, akagonga bomba kwa ukucha kutoa hewa, kama siku zote. Mimi nikashusha suruali, nikageukia ukutani, kama siku zote.

Sindano haikuja.

Nilihisi vidole vyake vikipapasa kuzunguka lile shimo, vikitafuta. Vikahamia Kigwe. Akanigeuza, akapandisha sweta, akabonyeza Igandu, akabonyeza Bahi. Akavuta mkono wa koti, akaacha. Nikamwambia, "Hapo Kikombo, juu kidogo." Akasema, "Juu kidogo ni mfupa, Baba Rehema." Nikamwambia basi chini kidogo. Nilisikia kifuniko cha sindano kikirudi mahali pake, mlango wa friji ukifunguka na kufungwa. Nilipogeuka, alikuwa ameitoa pete kwenye msumari na anaifunga kwenye pindo la kanga yake.

"Mimi sichomi tena," alisema.

Hapo nikapandwa na hasira. Nilimwambia anipe sindano nijichome mwenyewe, akanitazama tu, maana mikono yangu sote wawili tunaijua, hata kijiko cha uji kinafika mdomoni kitupu. Nikamwambia nitamlipa muuguzi wa zahanati aje. Akasema muuguzi naye ana macho. Nikatafuta neno la kuumiza na nikalipata. Nilimwambia ni rahisi kwake kukataa, yeye ana miguu miwili.

Hakulia. Afadhali angelia.

Aliketi ukingoni mwa kitanda na kusema kwa sauti ya kawaida kabisa, ile anayoitumia kusema unga umeisha. "Ijumaa ulipokuwa unatoka kwenda msikitini, kola ya kanzu yako ilikuwa imejikunja. Nikanyoosha mkono niitengeneze. Unakumbuka ulifanya nini?"

Nilikumbuka. Niliruka nyuma, nikagonga mlango kwa bega. Tukacheka wote wawili, nikasema umenishtua, nikaenda zangu. Mimi mambo hayo niliyaacha mlangoni. Yeye amekaa nayo tangu Ijumaa.

"Si Ijumaa tu," akasema. "Nikikupa chai unaipokea kwa mbali. Nikikupitia nyuma unakaza mgongo. Hata usingizini, nikikugusa unajikunja. Kichwa chako hakijui, lakini ngozi yako inaniogopa. Nilikukanda nikakuunguza. Nikakuchoma nikakutoboa. Kila shimo hapo ni mkono wangu, mimi ndiye ninayeyajua moja moja. Bora nikusukume kwenye kigari mpaka nife, kuliko kuishi na mtu anayenikwepa kama jiko la moto."

Nikasema hayo ni mawazo yake tu. Nikasema ni dawa, si mkono. Nilisema mengi, na yote yalikuwa kweli, na hakuna hata moja lililomfaa. Akasimama akaenda kukoroga mboga ya watu.

Nilibaki nimeketi na suruali magotini kama mtoto aliyesahauliwa chooni. Hasira yote ile, na sikuweza hata kusimama upesi nikatoka nje na kuubamiza mlango. Ugonjwa huu unakunyima hata kuondoka kwa kishindo. Nikaitazama ile misumari juu ya friji, mitupu yote, na kwa mara ya kwanza nikafanya hesabu ninayoikwepa. Nikichoma, miguu labda inabaki, labda. Sauda mwenyewe alishasema hata wanaochoma miguu huondoka, ila polepole. Na ngozi inaendelea kufa, na mke wangu anaendelea kuogopwa. Nisipochoma, labda nitalala nikiwa na mguu na kuamka sina, kama mwaka juzi. Katika hesabu hiyo hakuna mahali ambapo nimeandikiwa kutembea vizuri.

Ninaogopa. Sijawahi kuliandika neno hilo hapa, huwa naandika nimechoka. Sikuchoka, ninaogopa. Ninaogopa choo, kwamba siku moja nitashindwa kufika. Ninaogopa harusi ya Rehema, kwamba nitaingizwa ukumbini kwa kusukumwa na watu wataacha kula wanitazame. Na tangu leo nimeongezewa hofu nyingine ambayo sikujua kama ninayo, ya mkono wa mwanamke niliyemuoa kwa kubembeleza miaka miwili, niliyekuwa nikipitia kwao kwa visingizio ili tu tukigusana vidole nikipokea gilasi ya maji.

Madereva walipokula na kuondoka, nilimwita. Alikuja akidhani nataka kwenda msalani, akatanguliza fimbo. Nikamwambia weka fimbo. Nikamwambia nilichosema kuhusu miguu kilikuwa cha kijinga. Akasema anajua. Nikamwambia, "Njoo ukae. Weka mkono Kikombo." Alinitazama kuona kama nimerudia vita. Nikamwonyesha mikono yangu mitupu, nikamwambia na wewe nionyeshe yako. Akainyoosha viganja juu. Ina alama za mafuta ya kukaangia na kovu la sufuria. Hakuna sindano.

Nikafunua shuka. Nilimtazama usoni, sikugeukia ukutani. Nilijikaza kisabuni, nikauambia mwili mzima utulie, tena kwa jina la Mungu. Nikauona mkono ukija taratibu, nikaujua ni wake, nikaujua ni mtupu, nikautaka.

Kiganja kilipogusa lile shimo, paja liliruka.

Paja hilohilo ambalo asubuhi nililiomba lipande ngazi moja ya mlangoni likakataa. Kwa hilo waya ulikuwa mzima. Niliona uso wa Mama Rehema ukibadilika, na nilijua kwamba sasa hakuna tena wa kumwambia ni mawazo yake. Nilisema samahani. Akasema usiniombe samahani kwa kitu hicho. Hakuondoa mkono. Paja likaruka tena. Akaacha mkono palepale, akaanza kunisimulia habari za dereva mmoja aliyeomba ugali wa mtama akaumaliza wote, na mimi nikasikiliza, na lile paja likaendelea kutetemeka chini ya kiganja chake mpaka mboga iliyobaki jikoni ikaanza kuungua akalazimika kwenda.

Sindano ya leo iko ndani ya friji, nyuma ya jagi la maji. Imeshachanganywa, haitafaa tena. Sauda nimemtumia ujumbe kwamba nimesimamisha sindano, na asimbebeshe mtu boksi mwezi ujao. Vidole vimechukua muda mrefu kuandika maneno hayo machache, na baridi haina kosa. Sijui miguu itanifikisha wapi. Kitakachokuja, kitanikuta hapahapa Miyuji.

Pete sijaidai. Bado imo kwenye pindo la kanga yake.

Kesho hatuna zamu. Keshokutwa ingekuwa Igandu. Nimemwambia aje vilevile, saa ileile, mikono mitupu.